Pete Ndogo Haitolewi kwa Moto

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na nyingine ya akiba kwa ajili ya barua niliyoahidi kabla ya mwaka kwisha nisiiandike. Mimi mzima. Kile kikohozi kimekwenda zake bila kuaga. Mama aliniambia kwa simu kwamba umepata kazi ya kubadilisha mabomba ya shule nzima, na kwamba siku ya kwanza ulirudi nyumbani umelowa mpaka soksi. Hongera kwa kazi, pole kwa soksi.

Nimehama. Sasa nakaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko lenye dirisha. Bomba la jikoni linadondosha maji tangu niingie, na fundi aliyeletwa kulitazama alilitazama kweli, kisha akaondoka. Ungekuwepo ungemtukana kwa adabu, kama unavyojua wewe peke yako.

Mwezi uliopita uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nikasema kemia, ukaitikia "Eeeh" ya mtu aliyeambiwa kesho kuna mawingu. Kwa hiyo leo nakueleza, na huna pa kukimbilia. Hapa maabara tunapika pete. Si za kidoleni. Ni molekuli, ndogo hata hadubini ya kawaida haizioni. Umbo lake ni la boga lililokatwa juu na chini likatolewa mbegu, na waliozipa jina walilitoa kwenye ukoo wa maboga kweli kweli. Unachanganya vitu viwili na asidi, unapasha moto, na ndani ya chupa moja zinazaliwa pete za kila ukubwa. Sasa katika kuzaliwa huko, pete kubwa ya vipande kumi inakuja tayari imebeba ndani yake pete ndogo ya vipande vitano. Hakuna gundi, hakuna msumari, hazijaunganishwa kwa chochote unachoweza kukikata. Ile ndogo inazunguka ndani ya kubwa kama pia ya mtoto. Lakini haitoki. Kazi yangu ni kuitoa, ili kubwa ibaki na nafasi ya kubebea vitu vingine, dawa kwa mfano. Mwaka ukiisha sijaitoa, nitakuwa nimesomea maboga bure.

Haya, sasa jambo lililonikalisha kitako. Nataka Mama aje akae na mimi. Si kutembea, kukaa. Amefua, amepika na amelea maisha yake yote. Ni wakati apumzike, na chumba cha pili ki tupu. Tangu Baba afariki ukatuchukua kwako, nyumba yako imekuwa yake, najua. Ndiyo maana sijamwambia neno. Unaujua ukoo wetu: mtoto hamwambii mama yake ahame, neno kama hilo linapitia kwa kaka yake au halipiti kabisa. Basi nakutuma, Mjomba. Mwambie wewe, kwa maneno yako, siku atakayokuwa na furaha.

Wako mtiifu (usicheke),
Chiriku


27 Februari

Chiriku, mpwa wangu,

Marahaba, zote mbili. Ile ya akiba nimeiweka kabatini. Sisi wazima. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako mzima mno: jana amemfukuza muuza mazulia kwa maneno ambayo muuza mazulia mwenyewe aliomba ayarudie, ili naye akamwambie mkewe. Shule ile bado haijaisha. Mabomba yake yalitiwa na mtu aliyekuwa na ugomvi na maji.

Habari ya pete nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Usinidharau, mimi na pete tunajuana. Kila bomba lina pete yake ya mpira, na pete ikikaa vibaya nyumba nzima inaogelea. Kwa hiyo nakupa dawa, bure kabisa. Sufuria ndogo ikinasa ndani ya kubwa, ile kubwa unaikalisha kwenye maji ya moto, ndogo unaijaza maji baridi. Kubwa inatanuka, ndogo inasinyaa, unavuta, kazi imekwisha. Jaribu, kisha umwambie mkuu wako nani alikufundisha.

Nyumbani kuna habari. Yule kinyozi wa pale kona, mpole yule, anatafuta chumba, na mama yako amesema tumpe kile cha uani. Amekwisha kukisafisha, ameweka na pazia. Anasema nyumba ya watu wawili wanaobishana kila siku kuhusu chumvi inahitaji mtu wa tatu wa kuamua. Mimi sina neno. Kinyozi hana kelele na ana redio nzuri kuliko yetu.

Kuhusu lile jambo, nimelisikia. Mama yako si bomba, huwezi kumfungua kwa spana. Nitamwendea polepole. Haraka haraka haina baraka, na wewe usinisukume.

Mjomba wako


30 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ingawa nguo zangu zote sasa zina matundu ya asidi na naonekana kama mtu aliyeshindana na panya. Mwenzangu wa meza ya jirani amepata mtoto wa kike na siku hizi analala wima huku ameshika chupa. Nisalimie Mama, mwambie vile viatu alivyonitumia vinanitosha.

Nimeijaribu dawa yako. Naapa, nimeijaribu, kwa heshima yako tu. Haifai, Mjomba. Sufuria unaweza kuipasha moja ukaipoza nyingine, lakini molekuli zilizobebana namna ile, moto ukiifika moja umezifika zote. Nilimwambia mkuu wa maabara kwamba ni ushauri wa fundi bomba, akacheka mpaka akavua miwani. Mkuu wetu ni mama mrefu anayekula machungwa kwenye korido na hampi mtu hata kipande.

Baada ya hapo nikarudia njia zangu mwenyewe, nazo hazikuwa bora kuliko yako. Nimeichemsha, nimeiosha, nimeikausha, nimeiosha tena. Kila mara napeleka tone kwenye mashine ya sumaku, ile inayochora vilima kwenye skrini, kila molekuli na kilima chake. Pete ndogo ikiwa nje, kilima chake kinakaa mahali pake. Ikiwa ndani ya kubwa, kinasogea pembeni. Na kila nikitazama kimesogea. Imo humo humo, imetulia, mimi ndiye ninayetoka jasho.

Juzi mkuu akasimama nyuma yangu akaniambia, "Unaipiga vita. Acha kuitoa. Ingiza mgeni." Ndivyo tunavyosema katika kazi hii: pete ni mwenyeji, kinachoingia ndani yake ni mgeni. Anataka niunde mgeni anayekaa ndani ya pete kubwa vizuri kuliko ile ndogo inavyokaa. Mgeni akiingia, nafasi inakwisha, na pete ndogo inatoka yenyewe bila kuguswa. Baadaye mgeni naye unambadilisha kidogo, hashiki tena, unamwosha anakwenda, kubwa inabaki tupu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema pete ndogo iende wapi.

Umeshazungumza na Mama? Nikimpigia simu ananieleza habari za pazia la kinyozi, rangi yake na maua yake, halafu anakata. Nasubiri.

Chiriku


22 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Wazima. Shule imekwisha. Mwalimu mkuu alifungua bomba mbele ya watoto wote, maji yakatoka, watoto wakapiga makofi. Umri huu wote sijawahi kupigiwa makofi. Nilitazama chini nikajifanya natafuta spana.

Yule kinyozi haji tena. Nimemwambia chumba kina unyevu. Mama yako amenuna. Anasema unyevu huo ameutafuta kwa kiganja ukuta mzima na hajauona. Hata chai ananiwekea bila kusema karibu. Basi, ni mambo ya nyumba, yatapita.

Nina swali, nalo unijibu vizuri. Huyo mgeni wako akiingia, ile ndogo hutoka kweli? Kila mara? Hata kama imekaa humo miaka na imezoea? Haiwezi kusogea kidogo wakakaa wote? Na mnaposema inatoka yenyewe, mna hakika haikufukuzwa?

Kuhusu lile jambo, naliendea.

Mjomba wako


15 Mei

Mjomba! Shikamoo! Imetoka!

Samahani, nianze vizuri. Mimi mzima, natumaini nanyi wazima, goti lako linaendeleaje, mtoto wa mwenzangu ameanza kutabasamu. Imetoka, Mjomba. Nilikuwa mbele ya skrini nakula mkate mkavu, sina tumaini lolote, kilima kikajitokeza mahali pake. Mahali pake hasa. Nikadhani nimechanganya chupa. Nikapima upya, kikaja kile kile. Nikamwita mkuu, akaja na chungwa lake, akainama akatazama kwa muda mrefu, kisha akalikata akanipa nusu. Anayemfahamu anajua hiyo ni medali.

Sasa pete kubwa ninayo, tupu, iliyooshwa, kwenye chupa ndogo yenye jina langu. Watu wa meza nyingine wanakuja kuitazama kama mtoto mchanga, ingawa hakuna cha kutazama, ni unga mweupe tu, ungedhani ni wa kuoshea sahani.

Maswali yako nayajibu. Ndiyo, hutoka. Haijazoea, Mjomba, molekuli hazina mazoea, wala haitaki wala haikatai. Kukaa wote pamoja, kwa wageni wengine wadogo huenda, lakini kwa mgeni huyu nafasi haitoshi. Wala haikufukuzwa, ni kwamba mwenzake ametoshea vizuri zaidi. Lakini mbona umeuliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa? Na huyo kinyozi amekukosea nini? Chumba kile hakina unyevu. Nimelala humo miaka yote ya sekondari, na kitu pekee kilichokuwa na maji humo ni mimi siku za mtihani wa hesabu.

Nimenunua kitanda cha pili. Vijana wawili walikipandisha ngazi zote wakinilaani kwa sauti ya chini. Godoro ni gumu, kama Mama anavyopenda. Mwambie hilo la godoro, huenda likamvuta.

Chiriku


18 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimeuliza posta, wanasema barua zinafika. Mama kwenye simu anasema u mzima na unakula, kwa hiyo mkono wako pia bila shaka u mzima.

Kitanda kipo. Nakitandika shuka, kisha naitandua naifua, ingawa hakuna aliyeilalia. Niandikie hata mistari miwili.

Chiriku


6 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Salamu zinaishia hapo.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nikampigia Mama, nikavunja desturi ya ukoo mzima: "Mama, umeamua kuja lini?" Akasema, "Nije wapi?" Nikasema kwangu, kukaa, kama Mjomba alivyokuambia. Nikasikia sufuria inawekwa chini. Akasema, "Mjomba wako hajaniambia kitu." Halafu akasema mboga inaungua, akakata.

Tangu Februari, Mjomba. Mara namwendea, mara naliendea. Ulikuwa unaliendea kinyumenyume? Nilikutuma wewe kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na aliyenilea hivyo ni wewe. Kama hukutaka ungesema sitaki, ningelia siku mbili nikanyamaza. Sasa Mama anadhani tunamficha mambo, na tunamficha kweli.

Na mimi nikuambie, maana nimechoka kuwa mtiifu. Niliandika kwamba nataka Mama apumzike. Si kweli, au si kweli yote. Mama akipumzika siku mbili anaugua. Ukweli ni kwamba nafungua mlango wangu kila jioni na hakuna anayeniuliza nilikuwa wapi. Siku ile pete ilipotoka nilirudi na nusu chungwa mkononi, nikakosa wa kumwonyesha, nikalisimulia lile bomba la jikoni. Namtaka mama yangu kwa sababu namhitaji. Mtu mzima na shahada zake, analilia mama. Haya, cheka.

Mimi


19 Julai

Chiriku wangu,

Marahaba. Sicheki.

Kweli sikumwambia. Kila jioni nilijiandaa, nikanawa mikono, nikakohoa kama mwenyekiti wa mkutano. Na kila jioni aliniwekea chakula akaanza kunisimulia ya mchana, nani kapita, nani kamjibu nini, nami nikasema kesho. Chiriku, mimi sikuoa, unajua. Watu walikuwa wakinihurumia, nami nawacheka moyoni, kwa sababu kwangu kulikuwa na dada yangu ananigombeza kwa viatu vyenye tope, na wewe umekalia meza unasoma kwa sauti mpaka redio inaona aibu. Ulipoondoka wewe nilijikaza. Naye akiondoka, nijikaze na nini? Naogopa. Fundi mzima na spana zake, anaogopa nyumba yake mwenyewe. Na wewe cheka.

Sasa kinyozi. Hapa utacheka utake usitake. Barua yako ya mgeni ilinifika wakati kinyozi amekwisha kufunga godoro lake kamba, anangoja mkokoteni. Nikasoma: mgeni akiingia, pete ndogo inatoka yenyewe bila kuguswa. Nikaisoma tena nikamtazama dada yangu. Nikatoka na barua mfukoni, nikamkuta ananyoa mtu, kichwa kimefika nusu, nikamwambia pale pale kwamba chumba kina unyevu. Aliniuliza unyevu umeanza lini. Nikasema leo. Unaelewa, mpwa wangu? Nilimfukuza mpangaji kwa ajili ya kemia. Ndiyo maana nikakuuliza yale maswali, na ulipojibu hutoka, kila mara, nikaona nilifanya la maana. Kalamu nikaitupa kabatini.

Mama yako alipokata simu yako alinijia na mwiko mkononi. Nilisema yote, hadi ya kinyozi. Kwanza alinitazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, nami nikaanza kucheka nikidhani yamekwisha. Alipoinuka ndipo alipokasirika. Ameniagiza niandike kama alivyosema, nisipunguze: "Mmoja ananitoa, mmoja ananizuia, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Mimi si pete. Pete haina miguu." Ametusema wote wawili, kwa hiyo usikae huko ukafurahi. Alipomaliza alikwenda uani akafua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Nimemwuliza sasa atafanya nini. Amesema hilo ni lake. Usimpigie simu kulizungumzia, ameapa atakata, nawe unajua anavyokata.

Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa na neno lako mfukoni miezi yote hii, na lilikuwa zito kuliko mfuko wangu wa vifaa.

Mjomba wako


5 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo, na safari hii salamu zote, za kwako, za goti lako na za kinyozi aliyeachwa na godoro lake. Mimi mzima. Mtoto wa mwenzangu sasa anakaa, na mwenzangu mwenyewe amerudia kulala kama watu, yaani kwa kulala chini.

Nilikuwa nimekusamehe kabla sijafika nusu ya ukurasa, na pale kwenye unyevu ulioanza leo nilicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake. Nimemsimulia mkuu. Amesema miaka yote aliyofundisha hajawahi kuona mtu aliyeyaamini matokeo yetu kiasi hicho, na angependa uwepo siku ya kutetea tasnifu yangu.

Lakini na mimi nimekosa. Nilikutuma umtoe dada yako nyumbani kwenu, nikakupa na maneno ya kusema, na sikuuliza hata kwa mstari mmoja wewe utabaki na nani. Nilidhani mtu mwenye utani kama wako hawezi kuwa mpweke. Mimi ni mwanakemia, nilipaswa kutazama ndani. Mama akisema anabaki, basi anabaki. Kitanda nitakiuza, nitakuwa nakuja mwenyewe kila likizo, na hakuna atakayenisikia nikilalamika. Nitalalamika, ila hakuna atakayenisikia.

Kuna jambo moja kuhusu pete sikukueleza, kwa sababu maswali yako yote yalikuwa ya ile ndogo. Kubwa ikibaki tupu, haikai duara kamili. Inabonyea, inapinda, mara iwe kama yai, mara irudi. Siku ya kwanza nilipoelewa hivyo nilipata hofu kwamba itavunjika. Haivunjiki, Mjomba. Nimeipasha moto, nimeitikisa, nimeiacha mezani na kuisahau, na ipo. Wala haikai tupu muda mrefu: kila kipitacho karibu na kutoshea, inakikaribisha. Hayo nakuambia kama matokeo ya maabara. Usimfukuze mtu yeyote kwa sababu yake.

Nakupenda, na Mama nampenda, na sitampigia simu.

Chiriku


29 Agosti

Chiriku,

Tazama bahasha, haina stempu. Barua hii imeletwa na mtu, na mtu mwenyewe sasa hivi yuko mlangoni kwako anahema kwa ajili ya hizo ngazi zako, na anajifanya hahemi.

Ameamua mwenyewe. Tulikuwa tunakunywa chai, katikati ya habari nyingine kabisa, akasema, "Nakwenda kwa mwanangu," akaendelea na habari ya sabuni siku hizi haitoi povu. Nikasema vizuri. Sauti ilitoka kama ya bomba lenye hewa, lakini nilisema. Akaniuliza nina neno. Nikamwambia ninalo: sitaki uende, na nataka uende. Akasema na yeye ndivyo alivyo, kwa hiyo tumekubaliana.

Ila akaweka sharti. Hatoki mpaka kinyozi ameingia. Akaenda mwenyewe pale kona kumwomba radhi kwa niaba ya ukuta wetu, akarudi naye, na godoro, na redio. Aliwakalisha watu wawili wazima mezani akatupa masharti ya kuishi, zamu za kufagia, nani anazima taa, na marufuku ya kula tumesimama. Kinyozi anapiga mluzi akifanya kazi, na amekwisha kuninyoa bila kuniuliza, najiona mdogo. Jana tumebishana kuhusu chumvi. Si kama dada yangu, huyu anakubali upesi mno, lakini atajifunza.

Kesho asubuhi nitambebea begi mpaka kituoni. Nitamwuliza kama amechukua miwani, ataniambia mimi ndiye ninayesahau miwani. Basi likiondoka nitalia kidogo, nimeshapanga, kisha nitakwenda kazini, kuna jengo la ofisi linavuja ghorofa zote. Ninyi wawili mmekuwa nyumba yangu, Chiriku. Nawapenda. Neno hilo sijawahi kuliandika, naona hata mkono umeshangaa.

Yeye atakuambia hana njaa: ana njaa. Atakuambia hakuchoka: amechoka. Usimkalishe kama mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo wanavyosema. Huyu mpe ufagio leo leo, ndipo atalala. Usingizi wake ni mwepesi wiki ya kwanza mahali papya. Akianza kukugombeza kuhusu viatu, ujue amefika.

Ni mimi mjomba wako, na ninakujua. Umesimama kizingitini unasoma mpaka neno la mwisho, naye amesimama na begi mkononi, anakutazama. Acha kusoma, mwanangu. Mpokee begi.